Ulipanga kuzaa nyumbani, sasa unakwenda hospitali: namna ya kuufanya uzazi uwe mwema hukohuko

Mpango wa kuzaa nyumbani huvunjika kwa njia mbili, na kila njia ina maandalizi yake. Ya kwanza huanzia kliniki: presha imesoma 140/90 au zaidi na ikarudiwa hivyohivyo, damu iko chini, mtoto ametanguliza makalio, utrasaundi imeonyesha mapacha, au wiki ya 41 imetimia na uchungu hauonekani. Hapo una siku kadhaa, pengine wiki, za kujipanga. Ya pili huja katikati ya uchungu wenyewe, na mara nyingi ni usiku: maji yametoka ya kijani, njia imegoma kufunguka, au mtoto katoka salama lakini kondo la nyuma limekataa. Hapo unahesabu dakika.

Hapa sibishani na mtu kuhusu kuzaa nyumbani. Naandika kwa mama, mume, bibi au mkunga wa jadi ambaye tayari safari ya hospitali imemkabili na moyo haujatulia. Ninajua kilichokuwa kinatafutwa nyumbani: mtu wako awe pembeni, chai ya tangawizi, uhuru wa kusimama na kuchuchumaa, sitara, zalio lizikwe inavyopasa, mtoto aadhiniwe mapema, na maji ya moto ya kukandwa. Karibu yote haya yanabebeka. Yasiyobebeka ni machache, na afadhali uyajue kabla hujafika mlangoni.

Wala usione mpango kugeuka ni aibu. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2011 ulifuatilia wanawake waliopanga kuzaa nyumbani wakiwa na wakunga waliosajiliwa, mkoba kamili na ambulansi ya kupigiwa simu. Kwa wenye mimba ya kwanza, takribani 45 katika kila 100 waliishia kuhamishiwa hospitali. Kwa waliowahi kuzaa, 12 katika kila 100. Sababu iliyoongoza ilikuwa uchungu kwenda polepole. Kwetu Tanzania ramani ya uzazi nayo imebadilika: utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta wanawake 63 katika 100 wanajifungulia kituoni, na ule wa 2022 ukakuta 81.

Ukiwa na siku za kujipanga

Swali la kwanza ni hospitali ipi, na jibu linategemea sababu iliyovunja mpango. Kama ni hofu tu ya umbali, au mkunga uliyemtegemea kasafiri, zahanati yenye mkunga na umeme wa uhakika inatosha. Kama ni makalio, mapacha, kovu la operesheni ya zamani, presha au damu kidogo, usianzie zahanati. Haina chumba cha upasuaji wala damu, na utapewa rufaa kwenda kituo cha afya, kisha pengine hospitali ya wilaya, na kila kituo kinakula saa mbili tatu. Nenda moja kwa moja panapofanyika operesheni saa 24. Kuna vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji kizuri, lakini mtoa dawa ya usingizi yupo mmoja tu na wikiendi anakwenda kwao. Uliza hivyo waziwazi: "Usiku wa Jumapili mama akihitaji operesheni, inafanyika hapahapa?"

Nenda ukakione kituo mapema, mchana, na kadi yako ya kliniki mkononi. Mengine ya kuuliza: mwenza, yaani mtu niliyemchagua awe pembeni yangu, anaruhusiwa kuingia leba, au anaishia benchi la nje? Vifaa gani nije navyo? Kondo nikilihitaji nitapewa? Wanawake wengi huogopa kuuliza la mwisho, na hakuna haja. Wakunga wameshalisikia mara nyingi.

Kama unakaa mbali, na hasa kama barabara hufungwa na mvua, ulizia nyumba ya kusubiria wajawazito. Kanda ya Kati wanaiita Chigonela. Unakwenda wiki ya 37 au 38, unajipikia, na uchungu ukianza unatembea tu hadi wodini. Si mahali pa raha sana, lakini ni bora kuliko bajaji kwenye matope saa 8 usiku.

Sasa vifaa. Sera inasema huduma ya mjamzito katika vituo vya serikali haina malipo, lakini stoo ikiwa tupu utaambiwa ukanunue, na duka la dawa lililo jirani na hospitali usiku linajua huna pa kwenda. Nunua taratibu kuanzia mwezi wa saba wa mimba: glovu za kuzalishia jozi 4 hadi 6, pamba kubwa ya gramu 500, vibanio vya kitovu viwili, wembe mpya miwili ambayo haijafunguliwa, mabomba ya sindano mawili, mpira wa kutandika, pedi kubwa za uzazi, beseni, ndoo yenye mfuniko, sabuni, kandambili. Kanga au vitenge visipungue sita. Hapa kuna kosa la kila siku: watu hubeba doti mpya zenye rangi ya kupendeza moja kwa moja kutoka dukani. Kanga mpya ina wanga, haifyonzi maji, na mtoto mchanga asipokaushwa vizuri anapoteza joto kwa dakika chache. Zifue mara mbili, zianike juani, zipige pasi pande zote, kisha zile mbili za mtoto zifungie kwenye mfuko safi peke yake.

Panga mikoba miwili. Mdogo ni wa leba: kadi ya kliniki juu kabisa, glovu na pamba chini yake, mpira, kanga mbili za mtoto, kofia, pedi, chupa ya chai na kikombe. Mkubwa ni wa wodi, na unabaki na ndugu. Ukichanganya vyote kwenye begi moja, mtu atakuwa anamwaga nguo sakafuni akitafuta kibanio cha kitovu wakati mtoto ameshatokeza kichwa.

Damu: waandae ndugu wawili au watatu wenye afya, uzito wa kilo 50 na zaidi, wajue kwamba huenda wakaombwa kuchangia. Si lazima wawe na kundi sawa na la mama. Watu huzunguka mtaa mzima wakitafuta mtu wa kundi O ilhali benki ingepokea kundi lolote kama mbadala na kutoa chupa inayomfaa mgonjwa. Na kama kadi imeandika kundi lako ni hasi, hakikisha mkunga ameliona, kwa sababu mtoto akizaliwa na kundi chanya unahitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72, na sindano hiyo haipatikani kila kituo.

Usafiri: piga mstari chini ya namba 115. Ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kama ambulansi iko mbali, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na analipwa na mfumo. Hata hivyo weka pia makubaliano na dereva wako wa bajaji au teksi, umpe namba mbili za nyumbani. Bodaboda iwe ya mwisho kabisa. Mama mwenye uchungu uliochanganya hawezi kushikilia, na anayetokwa na damu anaweza kuzirai njiani akaanguka.

Bibi na mkunga wa jadi

Familia nyingi huona haya kumwambia mkunga wao wa jadi kwamba mpango umebadilika, basi wanamkimbia kimyakimya. Mwambieni, na mwombeni aje. Wengi wana mikono ya kutuliza na maneno ambayo nesi mmoja mwenye wazazi watano hana muda nayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke awe na mwenza aliyemchagua mwenyewe wakati wa uchungu, na Kigoma, kati ya 2016 na 2018, mradi wa Thamini Uhai ulijaribu utaratibu huo katika vituo kadhaa ukafanya kazi vizuri.

Lakini kubalianeni kazi yake. Anakanda kiuno, anashikia kikombe, anamsaidia mama kwenda msalani, anamkumbusha kupumua, anaita nesi. Hapimi njia kwa vidole, hakandamizi tumbo, na hapitishi kikombe cha dawa chini ya kanga. Hilo la mwisho ndilo linalogombanisha wodi nzima, na nitalirudia hapa chini.

Kwenda lini

Kufika mapema mno nako kunachosha. Ukifika njia ikiwa sentimita 2, utaambiwa uzunguke nje au urudi nyumbani, na utadhani umedharauliwa. Uchungu wenyewe wa kazi huhesabiwa kuanzia sentimita 5. Kwa mimba ya kwanza, ondoka nyumbani uchungu unapokuja kila baada ya dakika 5, kila mmoja ukidumu karibu dakika nzima, na hali hiyo ikaendelea saa moja. Kwa aliyewahi kuzaa, usingoje hivyo. Ukianza kuja kila dakika 10 kwa mpangilio, beba mkoba. Dakika hesabu kutoka mwanzo wa uchungu mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Watu wengi huhesabu kutoka mwisho wa mmoja, dakika zinaonekana chache kuliko zilivyo, wanafika mapema mno.

Mambo haya hayasubiri mpangilio wowote: chupa kupasuka hata kama huna uchungu, damu mbichi, mtoto kupunguza kucheza, homa, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, degedege. Chupa ikipasuka, angalia rangi na uandike saa. Maji meupe unaweza kuoga haraka ndipo uondoke. Ya kijani au ya kahawia maana yake mtoto amejisaidia ndani, ondoka ulivyo. Ukikaa na chupa iliyopasuka zaidi ya saa 18 bila kuzaa, hatari ya maambukizi kwa mama na mtoto hupanda, na hapo kwa kawaida utaanzishiwa antibaotiki.

Kuhamishwa katikati ya uchungu

Kama mlikuwa mmeshaanza nyumbani, kitu cha thamani kuliko vyote mtakachobeba ni saa. Mtu mmoja aandike kwenye simu au karatasi. Mkifika mapokezi, msianze na historia ya ukoo. Semeni hivi kwa mfululizo:

"Shikamoo sista. Huyu ni mimba ya tatu, wiki 39, wawili wote alizaa kawaida. Uchungu ulianza saa 4 usiku. Chupa imepasuka saa 9 alfajiri, maji ya kijani. Amekunywa dawa ya miti kikombe kimoja saa 10. Mkojo wa mwisho saa 11. Kadi hii hapa."

Nusu dakika tu, na nesi ameshajua la kufanya kwanza. Msifiche habari ya dawa. Dawa nyingi za miti za kuongeza uchungu hukaza mfuko wa uzazi kwelikweli, na hakuna anayejua kipimo chake. Nesi asiyejua akaona uchungu unayumba, anaweza kutundika dripu ya kuongeza uchungu juu yake. Mfuko ukikaza bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na kwa mama aliyezaa mara nyingi au mwenye kovu la operesheni unaweza kupasuka. Vilevile kwa vidonge vya misoprostoli vilivyonunuliwa duka la dawa na kuwekwa nyumbani: taja ni vingapi na saa ngapi. Mafuta ya nyonyo nayo yanaweza kukaza mfuko, tena huharisha mama hadi anafika wodini hana maji mwilini wala nguvu ya kusukuma, kwa hiyo yatajeni pia. Chai ya tangawizi, mdalasini na iliki haina tatizo lolote, endelea nayo.

Njiani mama alale ubavu, wa kushoto ukiwezekana. Akilala chali, tumbo hubana mshipa mkubwa wa damu, presha yake inashuka na mtoto anapata hewa kidogo.

Na kama mtoto anakuja ndani ya bajaji? Dereva asimame pembeni. Msimvute mtoto, mikono iwe tayari kumpokea tu, maana anateleza. Mkausheni kwa nguvu kwa kanga moja, mgongo na kichwa, kisha itupeni hiyo iliyolowa, mlazeni uchi kifuani kwa mama, mfunikeni wote wawili kwa kanga kavu, kofia kichwani. Kitovu msikate. Hakuna haraka yoyote ya kukikata, na wembe uliotumika huleta pepopunda. Kondo likitoka lenyewe, liwekeni kwenye mfuko likiwa bado limeungana na mtoto, mlibebe sawa na kimo chake. Lisipotoka msilivute kamwe; kitovu kinaweza kukatika au mfuko wa uzazi ukageuka nje, na damu yake haisimamiki barabarani. Mama amnyonyeshe mtoto, maana kunyonya hukaza mfuko, na safari iendelee.

Ndani ya leba

Utapimwa presha, mapigo ya mtoto (kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika), mkojo, na njia. Kupimwa njia kila baada ya saa 4 kunatosha uchungu ukienda vizuri. Wakija wanafunzi watatu mmoja baada ya mwingine, una haki ya kusema: "Naomba anipime mmoja tu." Kunyolewa na kupigwa bomba la tumbo havipendekezwi tena kwa kila mama, mahali pengine bado wanavifanya kwa mazoea.

Mwendo wa njia nao umeachiwa nafasi. Zamani kila mtu alitakiwa afunguke sentimita moja kwa saa, asiyefika akatundikiwa dripu. Tangu 2018 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kipimo hicho peke yake hakitoshi kumwingilia mama ambaye yeye na mtoto wako vizuri. Kutoka sentimita 5 hadi kufunguka kabisa kunaweza kuchukua hadi saa 12 kwa mimba ya kwanza, na hadi 10 kwa zinazofuata. Kwa hiyo ukiambiwa "bado", si lazima kuna shida. Tembea, egemea ukuta, piga magoti juu ya kanga iliyokunjwa, kojoa kila baada ya saa mbili. Kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka, na baadaye huongeza kutokwa na damu. Uji na chai vinaruhusiwa kama hakuna dalili ya operesheni. Ikishatajwa operesheni, chakula kikome, hata uji.

Mkao wa kusukuma uombe mapema, si wakati kichwa kimeshatokeza. Kuchuchumaa juu ya kitanda chembamba cha leba ni hatari, na nesi akikataa hilo ana sababu. Kulala ubavu na kushikiliwa mguu wa juu hukubaliwa karibu kila mahali, mradi uombe kwa upole: "Sista, wakati ukifika naomba nisukumie ubavu." Kupiga magoti na mikono kunategemea mkunga aliyepo zamu.

Kuna jambo moja ambalo ndugu wa nyumbani hulikosea sana: kupiga kelele "sukuma!" mara mama anapolia. Akisukuma njia ikiwa sentimita 7 au 8, mlango wa kizazi huvimba mbele ya kichwa, na kazi iliyobaki ya saa moja inakuwa ya saa tatu. Mwache ahemehe kwa mdomo hadi nesi aseme. Kukandamizwa tumbo kwa juu ili mtoto ashuke hakupendekezwi, afanye bibi au afanye nesi. Kuongezewa njia, yaani kukatwa kidogo ukeni ili mtoto apite, nako si kwa kila mzazi wa kwanza. Kukihitajika, ganzi ichomwe kabla.

Kauli mbaya zipo, na sioni faida ya kuzificha. Dawa yake si kujibizana ukiwa kitandani. Mwenza ndiye azungumze, kwa sauti ya chini, na ikishindikana amwombe muuguzi mfawidhi wa wodi. Kofi au tusi wodini ni la kuripotiwa kwa mganga mfawidhi, na jina la aliye zamu lipo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani.

Mtoto akitoka

Ndani ya dakika moja utachomwa sindano pajani. Wengi huiogopa wakidhani ni ya uzazi wa mpango, hata kuna wanaokunja mguu. Ni oksitosini, yuniti 10, ya kukaza mfuko wa uzazi usimwage damu. Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya hospitali na nyumbani, na kwa maoni yangu ingetosha peke yake kuhalalisha safari. Kitovu hukatwa baada ya dakika 1 hadi 3 ili mtoto apate damu yake iliyobaki kwenye kondo. Mtoto akiwa amelia vizuri, omba alazwe kifuani kwako na abaki hapo saa nzima ya kwanza, ngozi kwa ngozi. Mizani inaweza kusubiri.

Dang'a, maziwa yale mazito ya njano, yaanze ndani ya saa hiyohiyo. Maji ya sukari, zamzam kidogo, asali: najua vinabebwa kwenye mikoba, lakini tumbo la mtoto wa siku moja halivihitaji, na asali ina vijidudu vinavyoweza kumpooza.

Damu hupimwaje? Kwa muda mrefu ilikadiriwa kwa macho tu, na macho hukosea karibu kila mara kwa kupunguza. Siku hizi baadhi ya hospitali hutandika chini ya mama plastiki yenye mfuko na mistari ya mililita. Ikifika 500, hatua zote huanza pamoja: kukandwa mfuko, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kutafuta chanzo. Utafiti wa njia hiyo katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliotangazwa 2023, ulipunguza matatizo makubwa ya kutokwa na damu kwa asilimia 60. Pasipokuwa na plastiki hiyo, mwenza awe jicho: pedi ikilowa chapachapa ndani ya dakika 5, aite mtu hapohapo hata kama nesi amesema "ni kawaida" robo saa iliyopita.

Kondo ukilitaka, sema kabla ya kusukuma, maana likishatoka huelekea kwenye shimo la hospitali na halirudi. Litiwe kwenye mifuko miwili ndani ya ile ndoo yenye mfuniko, anayelibeba avae glovu, lizikwe siku hiyohiyo kwa kina ambacho mbwa hafikii. Adhana nayo ina nafasi: wodi nyingi hazimruhusu baba ndani ya leba ya pamoja kwa sitara ya wanawake wengine, lakini ukishahamishiwa wodi ya wazazi, saa moja au mbili baadaye, anaweza kupewa mtoto mlangoni.

Ikiishia operesheni

Utaelezwa sababu na kusaini kibali. Dai sababu kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sababu itakuhusu katika mimba ijayo. Kwa kawaida ni ganzi ya mgongoni. Unakuwa macho, unahisi kuvutwavutwa bila maumivu, na yote huchukua kama saa moja. Kabla ya ruhusa omba iandikwe kwenye kadi walikata vipi na kwa nini. Mimba itakayofuata uchungu wake uanzie hospitali bila mjadala. Amka utembee ndani ya siku ya kwanza hata kama kidonda kinauma, damu isigande miguuni.

Saa 24 na siku arobaini

Usikubali kuondoka kabla ya saa 24, hata kama kitanda ni cha watu wawili. Kutokwa na damu kunakoua hutokea zaidi katika muda huo. Kwa aliyekuwa na presha hatari haijaisha mtoto akitoka: kifafa cha mimba kinaweza kuja siku kadhaa baadaye, kwa hiyo kichwa kikali wiki ya kwanza kinarudisha hospitali, si panadoli. Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24, na asiondoke bila chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio.

Nyumbani sasa ndipo bibi anapochukua usukani. Kukandwa mgongo, kiuno na miguu kwa maji ya moto ni sawa na kunapumzisha. Mshono wa chini usiguswe na maji ya moto. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara mbili tatu kwa siku, uukaushe. Aliyefanyiwa operesheni tumbo lisikandwe, na mkaja usikazwe juu ya kidonda. Kitovu cha mtoto kiachwe kikavu: hakuna majivu, mate, mafuta wala unga wa dawa. Damu yenye harufu mbaya, homa, titi lililovimba jekundu, mtoto asiyenyonya au mwenye macho ya njano: rudi siku hiyohiyo. Vinginevyo rudi kliniki ndani ya siku 7, tena kabla ya siku ya 28, na tena kabla ya siku ya 42, hata kama arobaini haijaisha na majirani wanasema mzazi hatoki nje.

Kabla ya kutoka wodini utapewa tangazo la kizazi. Lisome pale dirishani, herufi kwa herufi: jina la mama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, jina la baba, tarehe, jinsia. Kosa likigunduliwa hapo, karani anaandika upya kwa dakika mbili; likigunduliwa RITA, kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, wakati mtoto anaanza shule, utahitaji kiapo cha mahakamani, safari na ada.